Tathmini ya usonji kabla ya mtihani: kazi safi, ripoti ilichelewa

Nilimpeleka mwanangu wa miaka 16 kwa mtaalamu huyu wa saikolojia ya elimu baada ya kuiomba shule imwongezee muda wa mtihani, nayo ikanijibu kwamba akiongezewa yeye, wengine nao watataka. Ana usonji. Historia anaijua mwaka kwa mwaka, lakini kwenye mtihani wa majaribio swali la "Je, unaweza kutaja sababu mbili?" alilijibu "Ndiyo", akaendelea na linalofuata. Alipewa sifuri. Jioni nilimwambia "Zitaje", akataja nne.

Mtaalamu hakuishia kumhoji mzazi na kujaza fomu. Alimpa mtihani uliopita, akakaa kando na saa: kwanza chumba kikiwa kimya, kisha siku nyingine mlango ukiwa wazi na watu wakipita. Kila mara alihesabu maswali yaliyobaki bila jibu. Siku hiyo ya pili ndipo mwanangu aliposema kwamba taa ya darasani huvuma na kumvuruga kichwa. Miaka yote hiyo mimi mamake sikuwa najua. Nililia palepale.

Ripoti imeeleza kila ombi pamoja na ushahidi wake: nyongeza ya robo ya muda, chumba cha peke yake, ruhusa ya kupumzika saa ikiwa imesimamishwa, na msimamizi anayemfahamu. Hakuomba asomewe maswali, kwa kuwa kusoma hakumsumbui, na uaminifu huo niliupenda sana. Aliandika pia kwamba maswali na usahihishaji vibaki vilevile, akaambatisha Ibara ya 24 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, inayotaka mwanafunzi arekebishiwe mazingira kulingana na mahitaji yake. Shule ilipoisoma, hoja ya "wengine nao" haikurudi tena.

Nyota moja naiondoa. Ripoti iliyoahidiwa kwa wiki mbili ilifika baada ya saba, siku tatu kabla ya kufungwa kwa maombi ya marekebisho hayo ya mtihani, na simu zangu nyingi hazikupokelewa. Nilikosa usingizi. Kama mtoto wako ana mtihani, nenda mwanzoni mwa mwaka, usingoje majaribio kama nilivyongoja mimi.

Jana amefanya karatasi ya kwanza. Alipotoka aliniambia mambo mawili tu: amejibu maswali yote, na taa walikubali kuizima.