Kurudisha fleti ya umma Unguja: huduma ya kufunga mkataba nilivyoiona

Nyota tatu kati ya tano ndizo ninazoipa huduma ya kufunga mkataba wa upangaji katika mojawapo ya taasisi za umma zinazokodisha fleti za bei nafuu hapa Unguja. Jina la taasisi naliacha makusudi, kwa kuwa ninayoyaeleza ni ya faili moja, na maofisa waliotuhudumia wana haki ya kutohukumiwa kwa faili hilo peke yake. Watu wengi huulizana namna ya kupata fleti ya umma, lakini ni wachache wanaoulizana namna ya kuiacha, ilhali ni siku ya kuiacha ndipo mpangaji hujua kama karatasi aliyotia saini ilikuwa ikimlinda na yeye, au ilikuwa ikimlinda mwenye nyumba tu.

Mpangaji alikuwa marehemu mume wa shangazi yangu. Shangazi hakutaka kuendelea kukaa: fleti iko ghorofa ya nne, lifti hakuna, magoti yake hayamruhusu tena kupandisha ndoo ya maji, na binti yake aliyeolewa Wete, kisiwani Pemba, amekwisha kumtayarishia chumba. Tukaandika barua ya kuvunja mkataba, tukapita kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, kuchukua barua ya utambulisho, tukaambatisha cheti cha kifo na nakala ya kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi, tukaipeleka ofisini.

Ofisa aliyeipokea, mama mtu mzima, aliitazama tarehe ya kifo kabla ya kutazama jambo jingine lolote. "Mwanangu, huyu bado yumo edani," aliniambia. "Mwambie shangazi yako atulie. Notisi yake tutaianza akishatoka." Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi 4 na siku 10, tena katika nyumba ile ile aliyokuwa akiishi na mumewe, na kumhamisha kabla ya hapo bila dharura ni kumvunjia heshima yeye na maiti wake. Kodi iliendelea kulipwa kwa muda wote huo, na hilo ni haki. Nilipousoma mkataba mwanzo hadi mwisho, hata hivyo, sikuona kifungu chochote kinachoitaja eda. Tulistahiwa kwa sababu tulikutana na mtu mwema. Mjane atakayefika dirishani siku ambayo mama huyu yuko likizo hana cha kushika, na taasisi inayohudumia jamii kama hii yetu haina udhuru wa kuliacha jambo kubwa hivyo juu ya hisani ya mtu mmoja.

Sehemu iliyotushughulisha kuliko zote ilikuwa amana, yaani fedha ambayo marehemu aliiweka alipoingia. Kwanza tuliambiwa kwamba mtoto mkubwa wa kiume aje kuichukua mkononi. Ofisa wa hesabu akakataa, akataka karatasi za mirathi, na nyumbani wengine walinung'unika kwamba ofisi inaleta usumbufu. Mimi naona alikuwa sahihi kabisa, na ningependa familia nyingine zilielewe jambo hili. Haki ya kupanga si mali ya urithi: mkataba ni wa aliyetia saini, na watoto hawagawani fleti ya umma kama wanavyogawana shamba la mikarafuu. Amana ni kitu kingine. Ni fedha ya marehemu iliyokuwa mikononi mwa mwenye nyumba, kwa hiyo ni deni analodaiwa mwenye nyumba, na inaingia katika tarika, yaani mali yote aliyoiacha marehemu, pamoja na mali nyingine. Hulipwa kwanza gharama za maziko na madeni yake, kisha wasia kama upo, na kinachobaki hugawiwa warithi, ambapo mjane wa mume aliyeacha watoto ana thumuni yake, yaani sehemu moja ya nane. Kumkabidhi mtoto mmoja fedha hiyo mkononi, hata akiwa mwaminifu kama huyu wetu, ni kumbebesha dhamana ya watu. Karatasi tulizipata kwa kupitia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo kazi zake ni pamoja na kusimamia mirathi ya Waislamu, na fedha ikalipwa kwa msimamizi aliyekubaliwa na warithi wote. Ilichelewa kupita ahadi iliyoandikwa na ofisi yenyewe, na kwa hilo nimepunguza nyota moja.

Nyota ya pili imeondoka siku ya ukaguzi. Mkaguzi alikuja na fomu ya ukurasa mmoja, akaingia jikoni, akatazama juu, akaliona doa la maji la rangi ya kahawia, pana kama sinia, akaandika "uharibifu wa mpangaji". Akaenda chumbani, akajaribu kulifungua dirisha la upande wa bahari, bawaba iliyoliwa na kutu ikamvunjikia mkononi, na hiyo nayo akaiandika vivyo hivyo. Niliomba kuiona fomu ya siku marehemu alipoingia, ili tulinganishe, na haikuwamo katika faili. Hapo shangazi, ambaye alikuwa amekaa kimya juu ya mkeka akikunja mashuka, alifungua sanduku lake akatoa daftari la skuli lenye jalada la bluu. Ndani yake marehemu alikuwa ameandika, chumba kwa chumba, hali ya nyumba aliyoipokea: kioo gani hakipo, bomba gani linavuja, bawaba zipi zina kutu, na chini yake tarehe pamoja na saini ya msimamizi wa jengo aliyemkabidhi funguo. Mkaguzi alilisoma daftari lile taratibu, akakata maandishi yake kuhusu dirisha, na alipopanda ghorofa ya juu na jirani kumwonyesha bomba lililokuwa likivuja, akalikata na doa la jikoni.

Namshukuru kwa uungwana huo. Lakini siyo kila mpangaji ana mume aliyeandika daftari. Chumvi ya bahari hula chuma mji mzima, rangi hupauka yenyewe, na uchakavu wa aina hiyo si kosa la mtu. Kosa ni la mfumo unaomhukumu anayetoka bila ya kumbukumbu ya alivyoingia. Fomu ya kuingilia yenye saini mbili, nakala moja kwa mpangaji, ingemaliza ugomvi huu.

Umeme na maji havikutusumbua. Deni la maji tulilipa ZAWA, mamlaka ya maji ya Zanzibar, tukahifadhi risiti, na uniti za Tukuza, umeme wa kulipia kabla, zilizobaki katika mita tulimwachia anayeingia.

Tatizo la majina yaliyomo katika mikataba kutolingana na ya wanaoishi ndani ndilo nadhani litazisumbua taasisi zote za aina hii kwa muda mrefu. Nyumba za maendeleo zilizojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, kuanzia Kikwajuni na Kilimani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki hadi majumba marefu ya Michenzani yaliyoanzishwa na Rais Abeid Amani Karume, zimekwisha kukaliwa na vizazi kadhaa. Babu alipewa, wajukuu wanakaa. Wengine waliingia kwa kumpa kilemba, yaani fedha ya kuachiwa nyumba, aliyekuwamo, bila ya mwenye nyumba kujua, na mtu wa namna hiyo siku ya kutoka hana mkataba wa kuvunja wala amana ya kudai. Familia yetu iliokoka kwa kuwa mwenye jina na mwenye kuishi ndani alikuwa mtu mmoja.

Ndugu yetu anayekaa Uingereza katika nyumba ya halmashauri alitueleza utaratibu wa kwao. Kwa kawaida mpangaji anayetaka kuondoka hutoa notisi ya maandishi isiyopungua wiki 4, na mpangaji mwenye ulinzi kamili hawezi kutolewa na halmashauri bila ya amri ya mahakama. Kifo chenyewe hakivunji mkataba: mwenzi aliyekuwa akiishi humo huweza kuurithi, na asipokuwapo wa kuurithi, wasimamizi wa mirathi huuvunja kwa notisi. Lililonishtua ni kwamba mke na mume wakitia saini pamoja katika mkataba wa mwezi hadi mwezi, notisi ya mmoja wao huweza kuuvunja wa wote wawili. Naunga mkono wanaotaka majina ya mke na mume yaandikwe pamoja hapa kwetu, lakini kifungu kiongezwe kwamba kuuvunja kunahitaji saini zote mbili.

Anayekwenda kurudisha fleti achukue cheti cha kifo ikiwa mpangaji amefariki, barua ya sheha, risiti ya mwisho ya kodi, risiti ya maji na picha za kila chumba alizozipiga siku ya kuhama. Funguo asizitoe bila ya kuandikiwa. Sisi tuliambiwa kwamba hakuna haja ya risiti ya funguo kwa kuwa faili linatosha, tukakataa kwa adabu, kwa sababu kodi huhesabiwa hadi siku funguo zinapopokelewa, na pasipo maandishi siku hiyo huwa ni neno la mmoja dhidi ya mwengine. Waliandika kwa mkono, wakataja idadi ya funguo na tarehe, wakapiga muhuri. Ofisi hufunguliwa asubuhi, na foleni ni fupi kabla ya saa nne.