Jezi ya mkoa au ya kikosi?

Swali hili haliishi kwa wanariadha vijana wanaofanya mazoezi viwanja vya Nyayo na Kasarani: uende mashindano ya kitaifa na mkoa wa Nairobi, au ujiunge na kikosi cha Polisi, KDF (jeshi la Kenya) au Magereza?

Gharama ndiyo inayouma zaidi. Mkimbiaji wa mkoa mara nyingi hujinunulia spaiki (viatu vya mbio vyenye misumari), hujilipia matatu, na jioni bado anatafuta kibarua. Nimemwona kijana akishona soli ya kiatu kwa uzi wa nailoni asubuhi ya mbio. Mwenzake wa kikosi ana mshahara. Wakimbiaji nyota Faith Kipyegon na Ferdinand Omanyala wote ni askari polisi.

Lakini kikosi ni ajira kwanza, si klabu. Hutoki unapotaka, na ushindani wa ndani ni mkali mno. Mkoani uko huru, hata kusaka nafasi ya chuo Marekani.

Vipimo vya dawa zilizopigwa marufuku michezoni havibagui jezi: kwenda Olimpiki, Mkenya lazima apimwe mara 3 bila taarifa, nje ya mashindano, ndani ya miezi 10.

Una miaka 18 na masomo? Ningeanza na mkoa. Una mtoto na kodi ya nyumba? Kikosi kikiita, nenda.