Seti ya faiba ya kutanua Altezza: mbele safi, nyuma jiandae

Seti hii ya faiba (plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo) ya kutanua bodi ya Toyota Altezza inakuja na vipande kumi: matao, yaani vipande vya kufunika juu ya tairi, mawili ya mbele, mawili ya nyuma, vipande viwili vya kubandika kwenye milango ya nyuma, na vinne vya kumalizia ncha za bampa. Haina jina la kiwanda wala karatasi ya maelekezo, na mfuko wa skrubu nyeusi uliomo ndani ya boksi wagawie mafundi vitanda. Inaongeza milimita 40 kila upande kwa mbele na 50 kwa nyuma, hivyo Altezza yenye upana wa milimita 1,720 inafika 1,820. Faiba yenyewe inaridhisha kwa bei yake. Matao ya mbele yanakaa vizuri. Ya nyuma yanadai kazi ya bati ambayo muuzaji haitaji popote, na kwa hewa ya chumvi ya Tanga, kazi hiyo ndiyo itakayoamua kama bodi itadumu au itaoza kimyakimya nyuma ya rangi mpya.

Kabla ya kulipia, kagua vipande kwa mgongo. Upande wa ndani unapaswa kuonyesha nyuzi zilizolowa resini sawasawa. Mahali palipopauka na kuwa na weupe ni pakavu, na hapo ndipo ufa utaanzia. Unene wa uso wa seti hii ni kama milimita 3, lakini ukingo unaolala juu ya bodi unashuka mpaka 2, nao ndio unaobeba bolti zote. Gonga kwa kucha: penye sauti ya ukelele usiofanana na jirani yake pana hewa chini ya jelikoti, lile tabaka laini la juu la faiba. Pima pia kushoto na kulia. Tofauti ya milimita 3 au 4 kati ya tao la kushoto na la kulia ni kawaida kwa faiba ya mkono, ikizidi 8 rudisha.

Kosa la kwanza la wengi ni kuanza na msasa. Vipande vinatoka kwenye kalibu vikiwa na nta, na ukipiga msasa kabla ya kuosha unaisukuma nta ndani ya mikwaruzo. Rangi ikija inajikunja na kuacha vijishimo vya mviringo, yale macho ya samaki ambayo fundi rangi atamsingizia kompresa. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, futa kwa kitambaa chenye dawa ya kutoa mafuta, ndipo msasa namba 180 uingie. Kisha viache vipande juani siku kadhaa vikiwa vimeegemezwa sawasawa. Faiba mpya bado inasinyaa, na heri isinyae kabla ya rangi kuliko baada.

Kipande kilichojipinda kidogo kinanyooka. Kifunge kwenye gari kwa tepu na vibanio, kipashe kwa hita ya upepo mpaka kiwe cha moto usioweza kukishika muda mrefu, kiache kipoe hapohapo. Ila kama nafasi kati ya ukingo na bodi inazidi milimita 3, usiivute kwa bolti. Faiba iliyovutwa inakubali leo na kupasuka ikikutana na matuta. Jaza kwa mgongo: kwaruza kwa msasa namba 40 au 60, futa kwa asetoni, weka mati, ule mkeka wa nyuzi za faiba, ya gramu 450 kwa mita ya mraba, na resini. Kwa nusu mita ya mraba mati ni gramu 225, resini kama gramu 500. Haidina yake, yaani dawa ya kugandisha resini, ile MEKP, ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa resini. Kwa joto la Tanga mchana kaa kwenye 1, yaani gramu 5 kwa gramu 500. Ukishuka chini ya hapo haikauki ikaisha, ukipandisha inachemka ndani ya kopo na kutoa moshi. Changanya kidogo kidogo, gramu 250 kwa mara moja, asubuhi, kivulini. Juu itabaki inanata kwa sababu hewa inazuia uso wa resini ya poliesta kukauka. Futa kwa asetoni ndipo upige msasa, vinginevyo karatasi zote zitaziba.

Vumbi la faiba si la kuchezea. Miwani, barakoa ya vumbi yenye kichujio, mikono mirefu. Kwa resini inatakiwa barakoa ya mvuke, ile ya vumbi haizuii harufu hiyo. Haidina ikiingia jichoni ni maji mengi papo hapo, dakika kumi na tano bila kupunguza, kisha hospitali. Na kwa wanaofanyia kazi uani pale Ngamiani, ambako nyumba zimepeana migongo: mwambie jirani aanue nguo kwanza. Vumbi hilo likilala kwenye kanga utasikia habari yako mpaka Barabara ya Ishirini.

Sasa bati. Mbele ni rahisi: madigadi imefungwa kwa bolti, unaitoa, unakata, unarudisha. Nyuma bodi ina ngozi mbili, ya nje na ya ndani, zimeungana pembeni mwa tao la tairi. Shikiza tao la faiba, chora mzunguko wake kwa penseli juu ya tepu ya karatasi, kisha chora mstari wa pili milimita 30 ndani ya huo, kuelekea tairi. Huo wa pili ndio wa kukata. Ukikata kwenye wa kwanza umebaki bila bati la kushika bolti, na hakuna puti itakayokuokoa. Kata ngozi ya nje peke yake kwa diski ya milimita 1. Ya ndani ichanje vindimi vya milimita 25, uvikunje kwa nyundo mpaka viguse ngozi ya nje, kisha chomelea.

Hapa ndipo seti za nyumbani nyingi zinapoharibikia. Mashine ya kuchomelea kwa vijiti (stiki) ya fundi mageti itatoboa bati hili, ni jembamba mno. Tafuta mwenye mashine ya migi, ile ya kuchomelea kwa waya na gesi, apige nukta kila milimita 25, akirukaruka ili bati lisipinde. Betri iwe imechomolewa, mazulia na bitana za buti zimetolewa, na upande wenye bomba la kujazia mafuta mtu asimame na mtungi wa kuzimia moto. Baada ya hapo piga praima ya epoksi kwenye bati tupu pande zote, ndipo silanti ya bodi ijaze kila mwanya. Silanti ya bodi, si silikoni ya madirisha: silikoni haishiki rangi, na nyingi zinatoa asidi inayokula bati. Mwisho nyunyizia nta ya mashimo, ile ya kuzuia kutu ndani ya bodi, kwa ndani kupitia buti. Wapo wanaoacha kuchomelea kabisa wakajaza povu la kupanuka. Povu linashika maji ya masika na kuyaweka pale yasipotakiwa.

Kufunga: tumia nati za riveti (zinazobana kwenye bati kama riveti) za M6, tundu la milimita 9 kwenye bati, kila milimita 100 hadi 120. Paka praima kwenye kingo za tundu kabla ya kuvuta nati. Kwenye faiba toboa milimita 7.5 au 8, kubwa kuliko bolti, kwa sababu bati na faiba havitanuki sawa juani na tundu linalobana ndilo linalopasuka. Bolti za chuma kisichoshika kutu daraja A4, washa pana yenye mpira chini, grisi kwenye nyuzi za bolti. Kaza kwa mkono mpaka mpira uanze kutuna, acha. Kati ya ukingo na bodi weka mpira wa ukingo. Unaficha kasoro ndogo na kuzuia rangi kusuguana.

Muuzaji anapendekeza kuunganisha matao na bodi kwa puti ili yaonekane kitu kimoja. Hapana. Kwenye barabara zetu kiungo cha namna hiyo kinatoa ufa wa nywele, ufa unaingiza maji, na bati liko chini yake. Bolti zinazoonekana zina sura yake, na zinafunguka.

Vipande vya milango ndivyo vibovu kuliko vyote kwenye seti. Vina sehemu mbili tu za kufungia na vinatikisika mlango ukigongwa. Viongezee gundi ya vioo vya gari, ile ya poliyurethani, kwenye sehemu iliyokwaruzwa na kupakwa praima yake, na acha nafasi ya milimita 5 kati ya kipande na tao la nyuma. Kabla ya kutoboa mlango pandisha kioo juu kabisa na zungushia tepu keekee kwa milimita 15 ili isizame.

Rimu ndizo zinazokula fedha, mara nyingi kuliko seti yenyewe. Hesabu ni hii: nusu ya upana wa rimu kwa milimita, toa ofseti, yaani umbali wa milimita kutoka katikati ya rimu hadi uso unaokaa kwenye habu. Rimu za kiwandani, inchi 17 kwa 7 zenye ofseti 50, zinatoka nje ya habu milimita 39. Rimu ya 18 kwa 9 ofseti 25 inatoka 89, yaani 50 zaidi. Ya 18 kwa 9.5 ofseti 22 inatoka kama 99, yaani 60 zaidi. Basi pima gari lako: tairi la sasa limezama milimita ngapi ndani ya madigadi? Likiwa limezama 10, hizo mbili, ya 9 mbele na ya 9.5 nyuma, zinajaa matao barabara. Tairi ni 225/40R18 mbele na 255/35R18 nyuma, kipenyo karibu sawa, milimita 637 na 636. Nati ni M12x1.5, kaza 103 Nm. Tairi lisitoke nje ya tao; mbali na trafiki, linarusha mawe kwenye milango yako mwenyewe.

Jaribu kabla ya rangi, si baada. Toa springi, inua habu kwa jeki mpaka mpira wa kugotea ubonyee wote, geuza usukani mpaka mwisho pande zote. Kila mahali pabaki milimita 10.

Rangi: vitundu vya hewa vipasue kwa ncha ya kisu na kuvijaza puti laini, maana hewa iliyobaki inatuna juani na kuinua rangi. Praima ya epoksi, kisha praima nene ya haidina mikono miwili au mitatu, msasa 400 halafu 600. Usitumie maji penye nyuzi wazi. Piga rangi umande ukishakauka na umalize kabla unyevu wa jioni haujarudi. Rangi nyeusi iepuke. Kwa jua la hapa mchoro wa mati unajitokeza mapema. Migongo ya matao ipakwe lami ya chini ya gari.

Anayetaka mbele tu, achukue vipande vinne vya mbele, baadhi ya wauzaji wanakubali kuvunja seti. Anayetaka yote aongeze kwenye bajeti fundi wa migi, bolti za A4 na silanti, na baada ya kilomita 500 apitie kila bolti kwa mkono na kuangalia kama mashimo ya kutolea maji chini ya milango hayajazibwa na silanti.