Swichi na konekta za Land Rover ya zamani: ununue nini kwanza, uachane na nini

Mwenye Series III akilalamika taa zinafifia, swichi inachemka au indiketa ina akili zake, fundi wengi jibu lao ni moja tu, tafuta swichi mpya. Mimi kwenye listi yangu swichi iko mwisho kabisa, na nitakueleza kwa nini, maana hizi gari zilitoka kiwandani kuanzia 1971 hadi 1985 na mpaka leo ziko kibao mashambani, kwenye misheni na kwa sisi wagonjwa wa vitu vya kale, na hela nyingi inapotea kwa kununua kitu ambacho hata hakikuwa kimekufa.

Piga hesabu ndogo. Balbu mbili za mbele, kila moja wati 60 ukiwa umepiga fuli, jumla wati 120, gawanya kwa volti 12 unapata ampia 10. Hizo ampia 10 zote zinapita kwenye swichi ya taa halafu zinapita tena kwenye ule mkono wa stelingi unaobadilisha dimu na fuli, kwa vishaba vyembamba vyenye miaka arobaini na kitu, kwa sababu kiwandani hawakuweka rilei ya taa, yaani swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Sasa ukinunua swichi mpya ukaifunga hapo hapo nayo itaungua tu, na hizi kopi za siku hizi ndani shaba yake nyembamba kuliko ya zamani.

Kabla hujatoa hata senti, pima bodi, yaani ile njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia mwili wa gari. Land Rover bodi yake ni aluminiamu na chesisi ni chuma, na pale vinapokutana na maji na matope panalika taratibu, kwa hiyo taa inakosa njia nzuri ya kurudi kwenye betri. Chukua mita weka kwenye volti, washa taa, ncha moja gusisha waya nyeusi ya taa, nyingine kwenye negativu ya betri. Ikisoma karibu na sifuri uko salama, ikisoma nusu volti au zaidi tatizo lako ni bodi na wala sio swichi. Dawa yake ni waya nyeusi mpya na tamino za duara (tamino ni kile kichwa cha chuma kinachobanwa mwisho wa waya), unakwangua rangi mpaka chuma king'ae, unafunga kwenye chesisi, unapaka grisi juu. Bei yake ni ya kucheka.

Baada ya hapo, kitu namba moja cha kununua ni rilei, na chukua mbili, ya dimu na ya fuli. Tafuta zile za kawaida za volti 12, ampia 30 au 40, zenye miguu minne iliyoandikwa 30, 85, 86 na 87. Mguu 30 unapokea moto wa betri kupitia fyuzi, 87 unaenda kwenye taa, 86 unapokea ule waya wa zamani uliokuwa unaenda kwenye taa, 85 unaenda bodi. Sasa swichi yako ya zamani inabeba umeme mdogo wa kuamsha rilei tu na itakuzika. Nunua na soketi yake kabisa, usikubali rilei tupu halafu fundi achomeke tamino moja moja zinaning'inia. Kila rilei iwe na fyuzi yake, ampia 15 inatosha. Waya iwe ya gari yenye nyuzi nyingi, ile ya nyuzi 28 za 0.30 (milimita mraba 2) inabeba ampia 17.5, na ukitaka waya mmoja ulishe rilei zote mbili chukua ya nyuzi 44. Waya ya nyumba yenye uzi mmoja mgumu usiiweke kwenye gari, mtikisiko unaikata ndani na nje huoni kitu.

Halafu wenye Series II na IIA za mwanzo, angalieni kwanza betri imefungwaje, zile nyingine bodi ni pozitivu. Rilei yenye dayodi ndani (kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ukiifunga kinyume unaiua siku hiyo hiyo, nyie chukueni isiyo na dayodi.

Namba mbili ni plaizi ya kubania tamino. Watu wanaona hela ya bure, wanabana kwa plaizi ya kawaida au kwa meno, jamani. Nunua ile yenye rachet, ambayo haiachii mpaka umebana mpaka mwisho, na meno yake yawe ya tamino za shaba tupu, sio zile za plastiki, maana meno ni tofauti. Tamino nzuri ina mabawa jozi mbili, jozi ya mbele inakumbatia shaba na ya nyuma inakumbatia plastiki ya waya. Ukibana vizuri mabawa ya mbele yanajikunja kwenda ndani mpaka ukiangalia kwa mbele unaona kama herufi B. Ivute kwa nguvu, ikitoka kwenye mkono wako ingetoka tu barabarani, rudia.

Sasa konekta zenyewe, hapa ndipo kuna maneno mengi.

Mimi naweka juu kabisa tamino bapa za shaba za milimita 6.3 na kava zake za plastiki zinazovalishwa kando. Ndizo zinazoingia nyuma ya swichi nyingi za Lucas, kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme vya gari hizi, kwenye soketi ya rilei, kwenye fyuzi boksi, yaani saizi moja inakumalizia karibu gari zima. Zinazofuata, na hapa wenye gari za kale watanichukia, ni soketi zilizokatwa kwenye gari za Kijapani zilizoanguka. Nenda Shaurimoyo pale Ilala, Dar, au kama uko Nairobi nenda Kirinyaga Road ambayo wazee bado wanaiita Grogan, mwambie akukatie dume na jike pamoja, na mkia wa waya wa kutosha kila upande. Chungulia ndani, ukiona kijani kijani rudisha. Zina raba ya kuzuia maji, zinajifunga kwa kulia klik, na kwa taa za mbele zinazooga tope kila siku ni bora kuliko vingi vinavyouzwa vipya kwenye pakiti nzuri. Kama hutaki mitumba, zipo konekta mpya zisizopitisha maji za aina ya Superseal na Deutsch, nzuri sana ila kopi ni nyingi, bonyeza ile raba ya ndani kwa kucha, ikiwa ngumu kama plastiki achana nayo.

Zile za pini ya duara za milimita 4.7 ambazo ndizo gari ilizaliwa nazo nazipa nafasi ya tatu. Kama gari yako ni ya maonyesho na unataka ibaki kama 1975, lazima uende nazo na ni sawa, ila nunua pini pamoja na mikono yake ya raba mipya. Pini mpya kwenye mkono wa zamani ulioota kutu ndani umefanya kazi bure.

Zile za plastiki nyekundu, bluu na njano ni za ndani ya kebini pakavu, na rangi sio urembo: nyekundu ni ya waya nyembamba mpaka milimita mraba 1.5, bluu mpaka 2.5, njano kuanzia 4 kwenda 6. Konekta za nyumba za skrubu, vile vibanio vya bluu vinavyong'ata waya bila kuukata, na kusokota na kuzungushia tepu, hapana. Kwa joto la Dar gundi ya tepu inayeyuka inabaki utelezi, baada ya msimu mmoja tepu imejifungua yenyewe.

Fyuzi za kioo nazo zina mtego. Za Lucas zikiandikwa 35 maana yake ni pale inapokatika, kubeba muda wote inabeba kama 17. Za kioo za Kimarekani zikiandikwa 35 zinabeba 35 kweli. Ukibadilisha moja kwa nyingine kwa kuangalia namba tu, waya utaungua kabla ya fyuzi. Bora ununue fyuzi boksi ya kisasa ya fyuzi bapa yaishe.

Tumefika kwenye swichi. Swichi bora ni hiyo uliyonayo, ifungue taratibu juu ya kitambaa cheupe maana kuna springi na kitufe kidogo kinaruka, safisha vishaba kwa karatasi ya msasa laini kabisa, kidogo cha grisi, funga. Ya pili ni orijino ya mtumba, ila nenda na mita yako, iwashe na kuizima mara nyingi, omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) ziwe karibu sifuri kila mara na zisichezecheze. Kopi mpya ni ya tatu, na ukiwa na rilei itadumu. Ya mwisho ni swichi za kawaida za kupandisha na kushusha, kwa spotilaiti sio mbaya, ila soma maandishi, nyingi zimeandikwa ampia 10 kwa 250V AC, hiyo ni hesabu ya umeme wa nyumbani, wewe tafuta iliyoandikwa 12V DC, ampia 20.

Swichi ya funguo tu ndiyo usibahatishe, hiyo chukua nzuri kadri mfuko unavyoruhusu. Na kabla hujachomoa chochote toa negativu ya betri, piga picha, bandika karatasi kila waya. Rangi zitakusaidia: kahawia ina moto muda wote, nyeupe ni baada ya funguo, kijani ni baada ya funguo na fyuzi, bluu taa kubwa, nyekundu taa ndogo, nyeusi bodi. Ila kama gari imeshapita kwa mafundi kanjanja watatu usiamini rangi hata moja, pima kila waya kwa mita.