Kusoma Kiarabu cha juu Cairo: tathmini ya mwalimu kutoka Kisumu

Walimu wa Kiarabu huku magharibi mwa Kenya tuko wachache, na wengi wetu tumepitia njia moja: madrasa, matini za nahau (yaani sarufi ya Kiarabu) kwa moyo, chuo, kisha chaki mkononi. Mimi nilisomea Mumias na sasa nafundisha shule ya upili Kisumu. Mpaka 2024 ungenipa sentensi yoyote ya Kiarabu ningekuchambulia neno kwa neno, lipi lina irabu ya dhuma na kwa sababu gani, lipi lina irabu ya fataha na limetendwa na nani. Lakini kumpigia simu fundi Mwarabu nimweleze kwamba bomba la jikoni limepasuka na maji yanaingia kwa jirani, hilo sikuliweza. Wanafunzi wangu walikuwa wakirithi hali hiyo hiyo. Walipita mtihani wa KCSE wa kumaliza upili vizuri, wakikutana na Mwarabu wanaishia salamu.

Zamani mtu wa kwetu akitaka kupanda juu zaidi ya hapo alikwenda Khartoum. Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika kilizoea Wakenya, na karo ilikuwa ya kufikirika. Vita vilivyoanza tarehe 15 Aprili 2023 viliifunga njia hiyo, wenzetu wakarudi na mabegi ya mkononi tu. Amman, Jordan, nilipiga hesabu ya kodi na chakula nikaona haiwezekani kwa mshahara wa mwalimu. Nikaomba likizo bila malipo, nikasubiri Idi ya Ramadhani ipite, nikaenda Cairo.

Kituo nilichosoma kiko Madinat Nasr, katika Mtaa wa Saba. Sikitaji jina kwa sababu vituo vya eneo lile vinafanana sana, na chenye walimu wazuri mwaka huu huenda mwakani wakawa wamehamia cha jirani. Nitaeleza kilivyofanya kazi, msomaji apime mwenyewe. Mtaa wenyewe umejaa wanafunzi wa kigeni, wengi wao wa Al-Azhar: Waindonesia, Wamalaysia, Wanaijeria, na Waafrika Mashariki wa kutosha kukupikia pilau siku ya Ijumaa.

Jambo la kwanza lililonipendeza ni mtihani wa kupangwa. Kwingine nilikoulizia walitaka kujua nimesoma kitabu gani nimefika ukurasa gani. Hapa niliandika, nikasoma kwa sauti, nikasikilizishwa taarifa ya habari, kisha nikakaa na mwalimu wawili tu tukaongea. Matokeo yakaonyesha nilichokijua siku zote: nahau iko juu, mazungumzo yako chini. Badala ya kuniweka katikati kwa wastani, walinigawa. Nahau na usomaji wa magazeti nikasoma na kundi la juu, mazungumzo na usikilizaji nikateremka kwa kundi la kati, pamoja na vijana wa miaka kumi na tisa. Mtu mzima mwenye wanafunzi wake nyumbani inabidi ameze mate kidogo, lakini ndiyo njia sahihi. Kituo kisichokubali kukugawa hivyo kitakurudisha mwanzo usome usichokihitaji, au kikutupe juu ukae kimya.

Masomo yalikuwa Jumapili hadi Alhamisi, kwani wikendi ya Misri ni Ijumaa na Jumamosi. Tulianza saa tatu asubuhi, adhuhuri tukatoka, na baada ya chakula kila mmoja alikuwa na saa yake ya peke yake na mwalimu. Darasa la nahau lilikuwa zuri, sina la kuongeza. La magazeti lilikuwa zuri zaidi. Lakini kama ningelazimishwa kulipia kitu kimoja tu, ningelipia darasa la insha.

Ustadha wa insha, yaani mwalimu wetu wa kike, hakuwa akisahihisha. Alipiga mstari chini ya kosa na kuandika herufi pembeni: nuni kwa kosa la nahau, sadi kwa la maumbo ya maneno, alifu kwa la imla, sini kwa la mtindo. Karatasi ikarudi kwako, ukae nayo usiku, ulete upya. Makosa ya nuni yalikuwa machache kwangu. Ya sini yalijaa ukurasa. Kila sentensi yangu ilianza na jina, naye alitaka kitenzi kitangulie pale ambapo msomaji Mwarabu anakitegemea. Aya zangu zilikuwa zimeunganishwa na “wa, wa, wa” (na, na, na) kuanzia juu hadi chini. Alinikalisha akanionyesha katika makala ya gazeti mahali ambapo mwandishi ametumia “fa” ili jambo la pili lionekane limezaliwa na la kwanza, na mahali ambapo amefungua aya kwa “amma” ili kuhamisha macho ya msomaji. Haya yote nilikuwa nikiyajua kama kanuni. Kuyaona yakikosekana katika maandishi yangu mwenyewe ni somo jingine, na sijui kitabu kinachoweza kulifundisha.

Insha moja niliandika kuhusu gugumaji lililoziba ghuba ya Winam, upande wetu wa Ziwa Victoria, jinsi wavuvi wanavyoshindwa kutoka, na mashua zinavyokwama hata karibu na Dunga. Sikujua Waarabu wanaliitaje, nikaandika maelezo marefu ya mmea wenye majani mapana unaoelea. Ustadha akapiga mstari, hakuandika herufi yoyote, akaniambia nikaulize nilikopanga. Mwenye nyumba wangu, hajja wa makamo aliyelelewa kijijini kwenye Delta, hakuniacha nimalize. “Ya binti, hilo si ward an-nil? Sisi limetutesa maisha yetu yote!” Akaniketisha kwenye kochi, chai ikaja, akaanza kunieleza linavyofunga mifereji ya mashamba, linavyokunywa maji, mashine zinavyokuja kulikwangua na kulirundika ukingoni linuke. Nikaingia na maswali, akanijibu, nikauliza tena. Hapo ndipo niliposhtukia nimeongea Kiarabu muda mrefu bila kutafuta neno lolote kichwani. Insha ya pili ilikuwa kitu kingine kabisa: maji yanayotoka ziwani kwetu pale Jinja, yakashuka Uganda, Sudan Kusini na Sudan, mpaka mfereji wa shamba la babake hajja, na magugu yaleyale kwenye ncha zote mbili. Ustadha aliisoma mbele ya darasa zima.

Mpango mzuri ni ule unaojua kwamba masomo ya kweli yako nje ya darasa na ukayapangia kazi. Kituo kilitutaka tutie sahihi ahadi ya kutosema lugha nyingine yoyote ndani ya jengo na kwenye nyumba za wanafunzi. Wazungu wawili waliokuwepo walihangaika kuacha Kiingereza. Sisi shida yetu ilikuwa Kiswahili. Ukiwa na Mtanzania chumba cha pili na Mngazija ngazini, na umechoka, na kuna mtu amepika maharage ya nazi, ulimi unateleza wenyewe. Dada mmoja wa Garissa ndiye aliyetuokoa. Alikataa katakata kuitikia Kiswahili, hata ukimwita mara tatu, na baada ya wiki kadhaa tukaanza kutaniana kwa Kiarabu. Nashauri mtu asipange na watu wa kwao, hata kama wanampenda. Msaada wao na pilau la Ijumaa, vyote hivyo utavipata bila kulala nao nyumba moja.

Sasa niseme ambalo wengi hawaambiwi kabla ya kupanda ndege. Kiarabu unachosoma darasani sicho utakachokisikia dukani. Fus-ha ni ya kitabu, hotuba na taarifa ya habari. Mitaani ni ammiya, ambayo kwa Cairo qafu inamezwa na jimu inatamkwa ga, na vitenzi vinavaa viambishi usivyovifahamu. Wiki za mwanzo nilikuwa nikiagiza mkate kwa fus-ha safi, muuza mkate ananisikiliza kwa heshima zote kama mtu aliyetoka kwenye tamthilia ya historia ya mwezi wa Ramadhani. Alinielewa, kwa sababu Wamisri wanasikia fus-ha kila siku. Mimi ndiye sikumwelewa alipojibu.

Kilichonifunza ammiya kuliko darasa ni mikrobasi. Ni matatu kwa kila hali, ila mara nyingi haina makanga. Nauli inatoka kiti cha nyuma mkono kwa mkono hadi kwa dereva, na chenji inarudi kwa njia hiyo hiyo, na ukikaa katikati wewe ndiye mhasibu. “Wawili nyuma,” “mmoja hapa kutoka ishirini,” “bado narudishiwa tano”: yote kwa kasi, kwa ammiya, huku gari linayumba na abiria wanakutegemea. Barabarani mara nyingi abiria anaonyesha kwa ishara ya mkono anakokwenda, na dereva anasimama au anapita. Nilianza kukaa katikati makusudi. Kituo kilikuwa na vipindi viwili tu vya ammiya kwa wiki, na hapo naona kilikosea. Kwa mtu wa kiwango cha juu, ambaye fus-ha yake inatosha kusoma, ammiya inastahili kila siku.

Kwa upande wa usikilizaji wa fus-ha, kuna njia moja ambayo haikuwa kwenye ratiba na ilinisaidia sana. Wizara ya Wakfu ya Misri huweka mada moja ya hotuba ya Ijumaa kwa misikiti ya nchi nzima, na hutoa maandishi yake kwenye tovuti kabla ya siku yenyewe. Alhamisi usiku naisoma hotuba na kutafuta maneno mapya. Ijumaa naisikiliza kutoka sehemu ya wanawake. Kwa kuwa khatibu hasomi neno kwa neno, sikio linajifunza kufuata pale anapoacha karatasi na kuongeza yake. Jumapili naipeleka kwenye saa yangu ya peke yangu na kuieleza kwa maneno yangu mwenyewe. Mwalimu aliipenda mpaka akawapa wengine kazi hiyo.

Nina malalamiko pia. Tuliahidiwa darasa la watu wasiozidi watano. Mwezi wa pili mwalimu mmoja aliondoka, kituo kikaunganisha makundi mawili bila kutuuliza, tukawa tisa, na karo haikupungua. Katika kozi ya kuzungumza, darasa likijaa hivyo zamu yako ya kusema inapungua karibu nusu. Tulilalamika pamoja, kwa maandishi, tukaongezewa saa za peke yetu kama fidia. Tusingeandika tusingepata. Nyumba walizokuwa wakipangisha wanafunzi zilikuwa ghali kuliko za mtaani na lifti ilikuwa imekufa, ndiyo maana nilihamia kwa hajja. Halafu kiangazi. Mwaka huo serikali ilikuwa ikikata stima kwa zamu, kwa kawaida kama saa mbili kwa siku, mpaka ilipoacha mwezi wa Julai. Joto la mchana la Juni bila feni si la mtu aliyezoea upepo wa ziwa. Kituo hakikuwa na jenereta na wala hakikutuonya.

Pesa. Machi 2024 Misri iliiachia pauni yake ielee, ikashuka kutoka kama 31 hadi karibu 50 kwa dola moja. Kwa anayebeba dola, chakula, nauli na kodi vikawa rahisi: sahani ya koshari inakushibisha kwa bei ambayo Kisumu haikununulii samaki wa kukaanga. Lakini kituo kinatoza kwa dola, kwa hiyo unafuu huo hauko kwenye karo. Hata hivyo, karo ya mwezi ya masomo ya kundi ilikuwa chini ya kodi ninayolipa Migosi, hapa Kisumu, kwa vyumba viwili. Saa za peke yako zinalipiwa mbali, na ndizo zilizokula akiba yangu. Sizijutii hata moja. Mkenya anahitaji viza, na ni vyema aishughulikie kwenye ubalozi Nairobi mapema, huku barua ya kituo ikiwa mkononi.

Nani aende? Mtu kama mimi: unasoma gazeti, nahau umeiva, ila ulimi umefungwa. Anayeanza alifu na bee abaki kwanza Mumias au Kisumu, walimu tupo, pesa zake zitafanya kazi zaidi baadaye. Anayetaka cheti cha kupandishwa cheo aulize kwanza, kwa sababu cheti cha kituo cha lugha si shahada, na sifa za nje hupitia KNQA, mamlaka ya Kenya ya sifa za kitaaluma, ili kutambuliwa. Mimi sikwenda kutafuta cheti.

Shuleni sasa dakika kumi za mwanzo za kila kipindi changu daftari zimefungwa. Kidato cha tatu wananieleza kwa Kiarabu kilichowapata njiani: tuktuk iliyokwama Kondele, mvua, mama aliyesahau funguo. Insha nasahihisha kwa herufi pembeni, na wanaguna kama nilivyokuwa nikiguna. Walimu wenzangu wawili wameniuliza kama nao waende. Nimewaambia waende Oktoba joto likiwa limepungua, wadai idadi ya wanafunzi wa darasa iandikwe kwenye risiti, na kabla ya kulipa chochote waulize kama yule ustadha wa insha bado yupo.