Fundi wa kompyuta anayekuja nyumbani, Tabata: nyota nne kwa kazi ya ruhusa za diski

Nilimwita kwa kazi ambayo mafundi wengi huilipua: kupanga nani aone nini kwenye diski ya kazi hapa nyumbani. Mimi nahariri picha na video za harusi. Kompyuta kubwa ya Windows 11 iko sebuleni, laptopu ya msaidizi wangu iko chumba cha uani, na ya watoto inazurura nyumba nzima. Zote zinatumia rauta moja. Diski yenyewe, terabaiti nne, niliitoa kwenye kompyuta ya zamani iliyokufa, na tangu hapo kila folda nikiigusa naambiwa sina ruhusa. Duka moja mjini walisema dawa ni kuifomati. Harusi za watu zifomatiwe! Nikarudisha diski yangu mkobani, nikaaga.

Huyu kaka alichelewa, tena bila kupiga simu, na hapo ndipo nyota ya tano ilipoishia. Ila akishakaa, anajua anachokifanya. Alifungua sifa za diski, akaingia sehemu ya usalama, akanionyesha panapotakiwa jina la mmiliki: hapakuwa na jina, bali mlolongo mrefu wa tarakimu unaoanza na S-1-5-21. “Dada, huyu ni mtumiaji wa ile mashine iliyokufa. Hii mpya haimjui.” Kumbe Windows inamtambua mtu kwa namba hiyo, hata ukiunda akaunti yenye jina lilelile inakuhesabu mgeni. Akahamishia umiliki kwenye akaunti yangu ya msimamizi, akaipa ruhusa, tukangoja faili zipitiwe moja moja. Zikafunguka, pamoja na ya bibi harusi wa Moshi aliyekuwa ananipigia kila asubuhi.

Nikataka afanye hivyohivyo kwenye diski C, yaishe. Akagoma. Faili za mfumo zina mwenyewe wake, ukimpora unaweza kuharibu Windows na ulinzi wake.

Kwenye mtandao ndipo alipostahili hela yake. Folda ikisheiwa huwa na ruhusa za tabaka mbili: za kushea, na za faili zenyewe. Alinieleza kwamba ya kwanza ni geti, ya pili ni mlango wa chumba. Anayetoka kompyuta nyingine lazima apite kote kuwili, na penye masharti makali zaidi ndipo panapoamua. Ndiyo maana unaweza kumfungulia mtu kwenye kushea na bado akakwama. Msaidizi wangu amepewa uwezo wa kubadilisha kwenye folda ya kazi. Watoto wanasoma tu picha za familia. Folda ya mikataba na malipo, majina yao hayamo kabisa. Nilipomwambia basi awawekee katazo, alisema hapana: katazo kwa kawaida huishinda ruhusa, na ukilitupia kundi ambalo na wewe umo, umejifungia nje mwenyewe. Wapo wanaomaliza kazi kwa kuwapa watu wote udhibiti kamili na kuzima sharti la paswedi, halafu wanadai chao. Kwa nyumba inayogawa waifai kwa kila mgeni, mimi siiti hiyo kazi.

Kila mtu alimfungulia akaunti yake kwenye kompyuta kubwa, yenye paswedi ya kweli. Msaidizi alikuwa anajaribu kuingia kwa ile PIN ya kuwashia, na PIN haipokelewi kupitia mtandao. Kisha alifanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: alikaa kwenye laptopu ya watoto na kujaribu kufuta picha. Ikakataa. Akajaribu folda ya mikataba. Ikakataa.

Flashi yangu imefomatiwa kwa exFAT, mfumo wa kupanga faili, na hakuigusa kwa sababu mfumo huo hauna ruhusa za aina hii. Hata hiyo sehemu ya usalama huioni. Na kisanduku cha zamani cha runinga kinachotaka SMB1, itifaki ya kizamani ya kushea faili kwenye mtandao, alikataa kukifungulia njia. Hiyo ndiyo ambayo WannaCry, kirusi kilichofunga faili za watu na kudai hela, kiliitumia kusambaa mwaka 2017, na Windows za sasa haziiweki zenyewe. Watoto wamenuna, sinema wanabeba kwa flashi.

Nililipa shilingi 50,000, nauli ikiwemo. Hakuacha maandishi yoyote, nilinakili mwenyewe kwenye daftari akiwa anaongea. Ukimwita, mwambie aje asubuhi, na usiwe na safari siku hiyo.