Vile vibanda vya kufanyia kazi stesheni, uzoefu wangu

Jamani hivi vibanda vya kukodi kwa dakika, unavikuta stesheni kubwa za treni na baadhi ya viwanja vya ndege, mimi navitumia sana. Ni kisanduku cha mlango wa kioo, kiti, meza na soketi basi, unabuku kwenye simu, unaskani QR mlango unafunguka, muda ukiisha unatoka. Wajapani walivichangamkia mapema, kampuni ya reli ya JR East ilianza kuviweka 2019, kabla hata korona haijatufanya wote tufanyie kazi popote.

Nilichovipendea ni vikao. Kuandika naandika hata nikiwa nimekalia begi, lakini kikao cha mtandaoni katikati ya matangazo na watu wanaoburuza masanduku hapana aisee, ukifungua maiki tu bosi anauliza kwani uko mnadani? Humo ndani kelele zinapungua sana. Ila sasa na matangazo nayo huyasikii, treni inabadilishiwa jukwaa wewe umo tu unachekacheka na wateja, kwa hiyo naweka alamu na ratiba naiacha wazi pembeni. Halafu hewa! Angalia kwanza feni kama inazunguka, kuna kimoja nilitoka shati limelowa chapachapa, kulalamika nikajibiwa na roboti.

Yale mabango ya "safari ya kijani" waliyobandika mlangoni mi naona wanajisifia kisicho chao. Inayopunguza kaboni ni treni, maana kwa kila abiria kwa kila kilomita kwa kawaida inatoa kidogo sana ukilinganisha na ndege au gari la mtu mmoja. Kibanda kazi yake ni kuua kile kisingizio cha "ndege fasta", kwa sababu nikisubiri treni ya kuunganisha saa nzima nakuwa napiga kazi, wakati ndege muda wote umekatwakatwa, foleni ya ukaguzi, foleni ya geti, funga mkanda, kompyuta huigusi mpaka mko juu. Ufaransa mwaka 2023 walizuia baadhi ya safari fupi za ndege za ndani kama treni inafika chini ya saa mbili na nusu, na kwa safari za hivyo mimi hata bila sheria ningepanda treni.

Ijumaa jioni buku mapema, vinajaa. Na kama una sanduku kubwa chukua cha watu wawili, kile cha mmoja ukiliingiza mlango haufungi.